Askari wa Hitler kapewa likizo ya wiki tatu, kapenda na kaoa. Mvinyo wa raha yao umetoka kwa nani? (Uzi wa riwaya ya Remarque)

Msomaji wa Usiku

Wakuu, salaam.

Kuna riwaya ya mapenzi ambayo vitu vingi vizuri wanavyokula na kunywa wapenzi wake vimetoka kwenye stoo ya mnyang'anyi, na wenyewe wanajua. Ndiyo nataka tuijadili. Imeandikwa na Erich Maria Remarque, Mjerumani wa Osnabrück, ikatoka mwaka 1954. Kwa Kijerumani ni Zeit zu leben und Zeit zu sterben, na ukiitafuta kwa Kiingereza utaikuta kwa jina la A Time to Love and a Time to Die. Watu wa kanisani watasikia humo Mhubiri sura ya tatu.

Nitasimulia mpaka mwisho, hivyo anayetaka kukisoma mwenyewe kwanza aishie hapa, asije kunilaumu.

Ni mwaka 1944, upande wa Urusi, Wajerumani wanarudi nyuma. Theluji inayeyuka na maiti waliofunikwa majira yote ya baridi wanaibuka kwa zamu, wa karibuni juu, wa zamani chini. Remarque anafungua kitabu kwa harufu. Mhusika wake, Ernst Graeber, alishapigana Afrika Kaskazini kabla ya kuletwa huku, kwa hiyo pua yake inajua tofauti. Jangwani jua hukausha maiti upesi. Urusi barafu inamtunza, halafu matope yanamalizia kazi. Wanamfukua ofisa wao mmoja, macho yake yaliyoganda yanaanza kuyeyuka na maji yanamtiririka shavuni, utadhani analia.

Muda si mrefu Graeber anapangwa kwenye kikosi cha kupiga risasi. Washukiwa wa upinzani, mmoja wao mwanamke, wamechimbishwa kaburi lao wenyewe. Graeber anafyatua kama wenzake. Naomba mshike hili, maana wengi wanaoisimulia riwaya hii huanzia kwenye busu.

Ndipo inakuja likizo. Wiki tatu, baada ya muda mrefu bila kwenda nyumbani.

Naendelea jioni.

Chakubanga wa Mwenge

Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu, umeniwekea maiti kumi na busu hata moja sijaliona.

Kobe Haraka

Naomba kuuliza bila kumkera mtu. Mapenzi ya askari wa Hitler yananihusu nini mimi? Huyo kashapiga watu risasi ukurasa wa mwanzo tu. Nimwonee huruma kwa sababu kapata mchumba?

Msomaji wa Usiku

Kobe, swali lako ndilo linalombana Graeber mwenyewe kitabu kizima. Vuta subira.

Anafika mjini kwao. Remarque ameuita Werden, lakini waliozisoma habari za Osnabrück wanautambua mji huo chini ya jina la kubuni. Anaitafuta nyumba ya wazazi wake. Mtaa haupo. Kuna kifusi, halafu kifusi kingine, na mwangalizi wa mashambulizi ya anga aliyepoteza familia yake akachanganyikiwa, anazunguka humo humo. Kule mstari wa mbele askari walikuwa wakijua wanailinda nyumbani, na barua zilipita kwenye mikono ya wachujaji, hivyo hakuna aliyewaandikia kwamba nyumbani nako kumegeuka mstari wa mbele.

Halafu kuna mlango. Mlango mmoja wa nyumba, hauna nyumba tena, watu wameufanya ubao wa matangazo. Wamebandika vikaratasi: fulani anamtafuta mkewe, fulani yuko hai, atafutwe kwa shangazi yake, mtoto wa fulani ameonekana mahali fulani. Graeber naye anabandika chake. Kila siku anarudi kukisoma kile kile chake, maana hakuna aliyejibu. Nimesoma riwaya nyingi za vita, na sikumbuki nyingine iliyoonyesha mji uliobomolewa kwa kitu kidogo hivyo. Hakuna hesabu ya mabomu wala ya ndege. Mlango tu na karatasi.

Katika kuwatafuta wazazi anakwenda kwa daktari wa mama yake, Dakta Kruse. Hayupo, yuko kambi ya mateso. Kosa lake ni kusema haamini kwamba Ujerumani itashinda vita. Anayefungua mlango ni binti yake, Elisabeth, waliyesoma naye zamani. Anashona makoti ya jeshi kiwandani, na chumba chake kiko ndani ya nyumba ambayo mwanamke wa chama cha Nazi, Frau Lieser, amepewa sehemu yake. Frau Lieser anaangalia nani kaingia, nani katoka, taa imezimwa saa ngapi.

Mama Ntilie Mstaarabu

Huyo Frau Lieser namjua. Balozi wa nyumba kumi aliyepewa sikio la serikali.

Msomaji wa Usiku

Huyo huyo, na kwake neno moja lilipeleka mtu kambini.

Sasa kiini cha uzi. Mjini Graeber anakutana na rafiki yake wa shule, Alfons Binding. Alfons sasa ni mkuu wa chama wa wilaya. Ana jumba, ana bafu la maji moto, stoo yake imejaa, na hana roho mbaya kwa rafiki yake hata kidogo. Anamkumbatia, anamlisha, anamjazia chupa. Ni mkarimu kweli kweli. Katikati ya kucheka anamsimulia jinsi alivyompeleka kambini mwalimu wao wa hisabati kwa miezi sita, kwa sababu shuleni alikuwa akimfelisha. Anakisimulia kama kisa cha kuchekesha mezani.

Na Graeber anazichukua zile chupa. Anazipeleka kwa Elisabeth. Wanakunywa, wanacheka, wanapendana.

Ujanja wa Remarque uko hapo. Mwandishi mwingine angemfanya Binding awe jitu la kutisha ili sisi wasomaji tukae upande salama. Huyu amemfanya rafiki mzuri. Hivyo kila Elisabeth anapoonja kitu kitamu, msomaji anajiuliza kimetoka mezani kwa nani, na aliyekuwa amekaa kwenye meza ile yuko wapi leo. Baadaye Graeber anamkuta kwa Binding afande mmoja wa SS, kikosi cha silaha cha chama cha Nazi, anayejigamba kwa namna alivyowaunguza wafungwa. Anaondoka na kichefuchefu. Hilo halimzuii kurudi siku nyingine, kwa sababu mke anahitaji kula.

Binti wa Kipata

Mkuu nakupinga, kwa heshima zote. Unaisoma riwaya kama mkaguzi wa mahesabu. Wale ni vijana wawili ambao ving'ora vinaweza kulia saa yoyote. Mmoja baba yake yuko kambini, mwingine hajui wazazi wake wako chini ya kifusi kipi. Wakipata chupa waimwage kwa sababu ya alipoitoa Alfons? Mbona husemi lile la hoteli?

Kwa ambao hawajasoma: askari mmoja mgonjwa wa kambi ya jeshi anakolala Graeber, Reuter, anamvalisha Graeber sare ya cheo cha juu kidogo ili asifukuzwe mlangoni Hoteli Germania, na anamfundisha namna ya kuagiza mvinyo. Graeber anakwenda na Elisabeth, anaigiza mtu mzito, mhudumu anajua kabisa kwamba anaigiza na anamsaidia kuigiza. Mimi pale nilicheka kwa sauti. Baadaye ving'ora, wote chini kwenye handaki, na jioni ikaharibika. Usiniambie ile jioni nayo ni ya kuhesabiwa dhambi.

Na ndoa je? Anamwoa kwanza kwa hesabu tu, ili akirudi vitani serikali imlipe Elisabeth posho ya mke wa askari. Walau watoe kitu kutoka kwa hawa watu. Yaani posa inaanzia kwenye fomu ya malipo, halafu mapenzi yanakuja kuikuta ndoa njiani. Wanaogopa hata kwenda kuandikisha, maana jina la baba yake Elisabeth likifunguliwa kwenye faili, mambo yanaweza kuamka.

Kobe Haraka

Hilo la posho limenifanya nikipende kitabu kuliko maelezo yote ya mleta uzi.

Msomaji wa Usiku

Binti wa Kipata, wala sijasema wamwage chupa. Nasema Remarque hakuruhusu tusahau ilikotoka. Ndiyo maana ameweka mzani wa pili: mwalimu Pohlmann. Alikuwa akiwafundisha dini, akafukuzwa kazi, sasa anaishi kwa hofu na nyumbani kwake amemficha Myahudi, Joseph. Graeber anamwendea na swali ambalo kwa maneno yangu ni hili: nikirudi vitani nikijua ninayoyajua, vita vimeshashindwa na tunapigana tu ili wauaji wakae madarakani muda zaidi, mimi nina sehemu gani katika uhalifu wao? Pohlmann hana jawabu la kumpa. Anamwambia hilo kila mtu analiamua mwenyewe.

Ukimweka Pohlmann upande huu na Binding upande ule, utaona Graeber anapita kati yao likizo nzima. Kwa mmoja anachukua mvinyo, kwa mwingine anachukua swali.

Mwalimu Mstaafu

Vijana mmefanya vizuri. Niongeze la mwandishi mwenyewe, maana bila hilo Elisabeth haeleweki vizuri.

Remarque alizaliwa 1898, akaandikishwa jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza na kujeruhiwa mwaka 1917 Upande wa Magharibi. Riwaya yake ya 1929, All Quiet on the Western Front kwa Kiingereza, ilimtajirisha na kumponza. Mei 1933 Wanazi walivichoma moto vitabu vyake, na mwaka 1938 wakamvua uraia. Yeye alikuwa ameshahamia Uswisi, kisha akaenda Marekani. Vita hivi anavyovisimulia hakuvipigana.

Dada yake, Elfriede, ndiye aliyebaki. Alikuwa fundi cherehani Dresden. Mwaka 1943 alishitakiwa kwa kusema kwamba vita vimeshindwa. Mahakamani jaji Roland Freisler alimtamkia wazi kwamba kaka yake amewaponyoka lakini yeye hatawaponyoka. Alikatwa kichwa Desemba mwaka huo huo, na ndugu zake wakaletewa ankara ya gharama za kesi na za kuuawa kwake.

Sasa rudini kwenye riwaya. Dakta Kruse ana kosa lile lile, maneno yale yale. Binti yake anaishi kwa sindano na uzi. Halafu siku inaletwa barua ya wito kutoka Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, kwa jina la Elisabeth. Graeber anaidaka na kwenda yeye. Amejiandaa kwa lolote. Ofisa wa dirishani anamsainisha na kumkabidhi kisanduku cha sigara. Ndani ni majivu ya Dakta Kruse. Stakabadhi, saini, kwaheri.

Msomaji asiyejua habari ya ile ankara atadhani Remarque ametia chumvi. Hakutia. Namna ile ya karani kufanya kifo kiwe shughuli ya karatasi, familia yake iliionja.

Mama Ntilie Mstaarabu

Mwalimu, umenifunga mdomo. Kisanduku cha sigara jamani.

Chakubanga wa Mwenge

Na hao wenyewe Wajerumani walikipokeaje kitabu? Maana 1954 ni juzi tu, majeraha mabichi.

Mwalimu Mstaafu

Walikipokea baada ya kukinyoa. Mchapishaji wa Cologne, Kiepenheuer & Witsch, alipunguza makali ya toleo la Kijerumani. Askari mmoja wa kikosi cha Graeber, Immermann, ambaye kwa Remarque ni Mkomunisti, aligeuzwa kuwa mtu wa chama cha Social Democrat. Na sehemu za mauaji yaliyofanywa na wanajeshi wa kawaida ziliguswa pia. Wakati huo Ujerumani Magharibi ilikuwa mbioni kuunda jeshi jipya, na jeshi hilo, Bundeswehr, lilianza 1955. Watu walitaka kusikia kwamba uchafu ulikuwa wa SS, na kwamba askari wa kawaida alipigana kwa mikono safi. Riwaya inayoanza na askari wa kawaida akifyatua risasi kwenye kaburi la raia iliwakaa kooni. Ilipita miongo kabla Wajerumani hawajapata maandishi kamili kwa lugha yao.

Kwa hiyo Msomaji wa Usiku ana haki ya kuanzia pale alipoanzia.

Sinema ya Zamani

Filamu ya 1958 msiisahau. Aliyeiongoza ni Douglas Sirk, Mjerumani aliyekimbia mwaka 1937 na mke wake Myahudi. Mke wake wa kwanza alikuwa ameingia Unazi na akamzuia kumwona mtoto wao wa kiume. Mtoto akawa mwigizaji wa filamu za enzi ile, akapelekwa vitani, akafa upande wa mashariki 1944. Mwaka ule ule wa riwaya, upande ule ule. Sirk alikuwa akimtengenezea Graeber wiki tatu ambazo mwanawe hakuzipata.

Na mwalimu Pohlmann mnajua kaigizwa na nani? Remarque mwenyewe. Mwandishi amekaa kwenye kiti, anaulizwa na mhusika wake swali ambalo ndiye aliyeliandika.

Filamu ilipigwa Ujerumani kwenyewe. Ila mwisho wake ni wa kutoa machozi kwa makusudi, barua ya mke inaangukia majini mkono ukiifuata. Kitabu ni kikavu zaidi, na mimi nakiona bora.

Mtoto wa Gerezani, Kariakoo

Nimesoma kimya tangu juzi. Nina la kwetu, linahusiana kweli kweli.

Mwaka huo huo 1944, tarehe 24 Novemba, kwenye kambi ya Sachsenhausen nje kidogo ya Berlin, alifia mtu aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, na yeye akaingizwa vitani angali mtoto, katika jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 yuko Berlin, pamoja na mengine akidai mishahara ya baba yake na yake ambayo haikulipwa. Hakulipwa. Akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu nyingi, ikiwamo ile ya 1941 ya kumtukuza Carl Peters. Fikiria wewe, mtu wa Dar anavalishwa na kusimamishwa nyuma ya mtu anayejulikana huku kwetu kama mkono wa damu, ili apate mkate.

Mwaka 1933 alikuwa ameoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mwingine wa Kizungu, kosa waliloliita kuichafua damu. Bila kesi ya maana, kambini, mpaka mauti. Leo kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake kwenye njia ya miguu, Berlin, lilikokuwa makazi yake.

Askari, mapenzi, Ujerumani ya vita. Huyu hana riwaya ya kurasa mia nne, na Kobe aliuliza mwanzo yanamhusu nini. Sijui kama nimemjibu, lakini Frau Lieser wa kwenye kitabu angekuwa na kazi nyingi mara mbili mtaani kwake Husen.

Kobe Haraka

Umenijibu mkuu. Natafuta habari zake usiku huu huu.

Lakini mleta uzi, hujamaliza. Graeber anakufaje?

Msomaji wa Usiku

Kabla ya kuondoka, Binding anauawa kwenye shambulio la anga, nyumba anayoishi Elisabeth inaungua, Pohlmann anakamatwa. Dakika za mwisho kabisa kadi kutoka kwa wazazi inafika: wako hai, walihamishwa. Hana tena muda wa kwenda kuwaona. Elisabeth anataka mtoto. Graeber anashangaa, mtoto wa kazi gani katika dunia hii? Jibu la Elisabeth ni kwamba wakiacha watu kama wao kuzaa, watakaobaki kuilea dunia ni wale wengine.

Anarudi vitani. Kikosini yumo Steinbrenner, kijana mwenye sura ya malaika wa kuchongwa kanisani, muuaji kwa kupenda. Graeber amepewa kulinda Warusi waliofungiwa kwenye banda. Wanajeshi wanaondoka haraka, Steinbrenner anataka kuwamaliza. Graeber anampiga risasi Steinbrenner. Anawafungulia wafungwa, anawaambia waende. Halafu mmoja wao, mzee, anaokota bunduki na kumpiga Graeber.

Binti wa Kipata

Pale nilikirusha kitabu. Nilikiokota baadaye.

Ila nina swali kwako, mkaguzi. Kama hesabu yako ni kwamba raha yake ililipwa na wengine, basi huo mwisho ndio malipo? Maana mimi sikuuona hivyo. Yule mzee hajui lolote la swali la Pohlmann. Ameona sare.

Msomaji wa Usiku

Hapo tuko pamoja. Remarque angetaka kumlipisha Graeber, angempa Steinbrenner risasi hiyo. Yule mzee ana haki yake kamili: ameona sare ile ile iliyokuwa kwenye kaburi la mwanzo, na kwa mwanamke yule wa mwanzo sare ilikuwa ndiye Graeber kweli. Graeber aliamua jambo moja sahihi, akalifanya kwa mikono yake bila mvinyo wa mtu, na halikumwahidi chochote. Tofauti yangu na wewe ni ndogo. Wewe unazitetea zile wiki tatu. Mimi nasema bila zile wiki tatu asingeifungua banda. Mtu asiye na Elisabeth angesubiri amri.

Binti wa Kipata

Hiyo ndiyo ungeandika tangu ukurasa wa kwanza, tusingegombana siku mbili.

Chakubanga wa Mwenge

Mimi sijamsoma Remarque hata kimoja. Nianze na ile ya 1929 au hii?

Msomaji wa Usiku

Anza na hii. Ile ya 1929 ni ya mtu aliyekuwemo vitani, kali na fupi, lakini inawalilia zaidi wanaopigwa risasi kuliko inavyowauliza wanaopiga. Hii kaandika akiwa mtu wa miaka hamsini na zaidi, dada yake ameuawa, mji wake ameurudia mwaka 1952 baada ya miaka mingi ya uhamishoni. Ukurasa wa mwanzo utakunukia vibaya, usifunge. Ukifika kwenye mlango wenye vikaratasi, hutakiweka chini.